Nyumba Pekee Aliyoijua

Tangu kampeni zianze katika nchi ya babu yake, Fundi hakukaa akatulia. Alikula na simu, akaenda kuoga na simu, akatengeneza friji za watu huku simu kaibana begani kama mtu aliyeteguka shingo. Kura zilipopigwa ndipo mambo yakazidi. Nchi yenyewe ilikuwa mbali, ng'ambo ya mipaka miwili, na hakuwahi kuikanyaga hata siku moja. Babu yake ndiye aliyetoka huko akiwa kijana, akaja huku, akaoa, akazeeka, akazikwa. Baba yake alizaliwa hapa. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa, mtaa wa pili tu kutoka walipopanga. Lakini ukimsikia anavyolitamka neno "kwetu", ungedhani kaja jana na vumbi la huko bado liko viatuni.

Mkewe, ambaye kazini walimwita Mama Wawili kwa sababu ya watoto wake wawili, alimtazama na kunyamaza. Alishamzoea. Mwaka mmoja ilikuwa mpira, mwaka uliofuata kufuga sungura, mpaka sungura wakala waya za watu uani. Alidhani na hili litapita kama lilivyopita lile la sungura.

Ila hili lilikuwa na watu. Juu ya duka la matairi palikuwa na ukumbi, na kila Jumapili wenye asili ya nchi ile walikutana humo. Si wote, wale wa upande wa juu tu. Kule, kwa alivyoelewa Mama Wawili, kuna watu wa juu na kuna watu wa mtoni, na safari hii mgombea mmoja wa urais alitoka juu. Wakamwita "mtu wetu". Watu wa mtoni nao walikuwa na mtu wao. Hapa ugenini pande zote mbili zilikuwa zikikopeshana chumvi, zikiuguzana na kuzikana, hakuna aliyeuliza babu yako alitoka kilima gani. Kampeni zilipoanza, kila mmoja akajua.

Mama Wawili aliwahi kwenda ukumbini mara moja na mumewe. Aliona kilichokuwa kikimla. Wazee walitaniana kwa lugha ya huko juu, wakacheka, na Fundi, ambaye lugha ile haijui, akacheka baada yao, amechelewa, peke yake. Mzee mmoja akampigapiga mgongoni. "Huyu ni wetu wa hapa hapa," akasema, na watu wakacheka tena, mara hii kwa maneno anayoyaelewa. Njia nzima ya kurudi nyumbani Fundi hakufungua mdomo. Siku ile ndiyo mke alipaswa kumshika mkono na kumwambia, baba, usirudi tena kule. Hakumwambia. Wenye waume na watoto wa namna hii wanajua: mtu akiwa na njaa ya kukubaliwa, hachagui anayemlisha.

*

Jioni moja, kura zikiwa bado zinahesabiwa, Fundi alirudi uso umechanua. Alinawa mikono akiimba. Hata sauti ya binti yao aliyekuwa akigombana na mdogo wake haikumkera.

"Leo wamenipigia makofi," akasema alipokaa.

"Wakina nani?"

"Watu wetu. Katibu wa ukumbini mwenyewe kasimama. Kasema, mnamcheka huyu, kumbe ndiye mwana wa nyumbani kuliko ninyi."

Mama Wawili akampakulia. "Umefanya nini cha kupigiwa makofi?"

"Kuna habari imetoka kule kwamba watu wa mtoni wanaficha masanduku ya kura kwenye nyumba za watu. Katika ule mji wa katikati, karibu na mashine ya kusaga. Vijana wetu wa huko wakauliza kwenye kundi la simu, nani anapajua pale? Kimya. Wazee wote hao wanaojifanya wanaijua nchi, kimya! Wengine wametoka huko hata mashine haijajengwa. Mimi nikasema napajua."

"Unapajua wapi, wewe?"

"Nikawaelekeza. Nyumba ya nyuma ya mashine, geti la bluu, ukuta umemeguka upande wa kushoto. Ina chumba cha nyuma chenye kufuli."

Mama Wawili alikuwa ameshika upawa. Akaurudisha sufuriani polepole.

"Geti la bluu," akasema.

"Sikutaja jina la mtu."

"Geti la bluu la nani, Baba Wawili?"

Fundi akaitazama sahani yake. Binti ndiye aliyejibu, mdomo umejaa chakula: "Si la Bibi wa Simu?"

Bibi wa Simu alikuwa mama mzazi wa Mrefu, na Mrefu ndiye mwenzake Mama Wawili kazini, katika kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli. Mrefu alizaliwa kule, upande wa mtoni, akaja huku ukubwani kutafuta maisha. Mama yake alibaki, akiuza mkaa. Ana sukari, anajidunga dawa, na dawa ile lazima ikae kwenye baridi. Friji yake ilipokufa, Mrefu alikuja kwa Fundi akilia. Fundi akampigia bibi kwa simu ya picha, akamwambia ashike simu aizungushe: hapa, mama, sasa nyuma, sasa chini, ule waya mweusi. Siku nzima. Bibi alizunguka na simu nyumba yote kutafuta pa kushikia mtandao, na Fundi akaiona yote: geti, ua, ukuta uliomeguka, chumba cha nyuma na magunia yake ya mkaa. Jioni friji ikaunguruma, bibi akapiga kigelegele, watoto huku nao wakapiga chao. Tangu hapo akawa bibi yao. Alimwita Fundi "mwanangu".

Katika nchi ile nzima, Fundi alijua nyumba moja tu. Na ndiyo hiyo aliyoitoa.

"Kile chumba kina mkaa," mkewe akasema. "Sisi sote tumeuona."

"Sikusema kina kura. Nimesema kina kufuli."

"Na wao wamesemaje?"

"Wamesema watapita kesho mchana. Kukagua tu."

"Lete simu."

"Mama Wawili, chakula kinapoa."

"Lete simu, nimesema."

Akasikiliza sauti vijana walizotuma kundini, moja baada ya nyingine, simu kaiweka sikioni, macho kwa mumewe. Walikuwa wakicheka, wakiitana kamanda. Mmoja alisema geti la bluu analijua, ni la yule mama wa mtoni. Mwingine akauliza nani ana dumu. Wa tatu akajibu dumu lipo, limejaa.

"Dumu la nini?" Mama Wawili akauliza.

"Labda la maji."

"La maji!" Akacheka, kicheko kikavu kilichowanyamazisha watoto. "Watu wanakwenda kukagua kura na dumu la maji, ili kura zisione kiu. Waambie umekosea. Sasa hivi. Waambie hujawahi hata kufika."

*

Hapo ndipo shughuli ilipoanza. Fundi aliandika, akafuta. Akaandika tena, akafuta. Mwisho akatuma: Ndugu zangu, kuhusu ile nyumba tuwe makini, sina uhakika sana. Kwamba hakuwahi kufika, hakuandika. Kwamba nyumba ni ya mama wa watu, hakuandika.

Hazikupita dakika nyingi, Katibu akapiga. Mama Wawili akamwashiria mumewe aweke sauti wazi.

"Fundi, vipi? Umeanza kutetemeka?"

"Hapana, Katibu. Nilikuwa nasema tu..."

"Mchana umetuelekeza hadi ufa wa ukuta, jioni huna uhakika. Au mkeo kakukaripia?" Nyuma yake watu wakacheka. "Damu ya juu haiogopi, bwana. Au na wewe tukuweke kwenye wale wa hapa hapa?"

Fundi alimtazama mkewe. Uso ulimshuka, kisha akajikaza, akatoa kile kicheko chake cha kuchelewa.

"Nilikuwa natania, Katibu."

"Hayo ndiyo maneno."

Simu ikakatwa. Mama Wawili akaanza kukusanya sahani, zenye chakula na zisizo nacho, akazirundika pamoja.

"Watapita, wataona mkaa, wataondoka," Fundi akasema. "Unakuza mambo."

"Mpigie bibi basi. Umwambie aondoke."

"Nimwambie nini? Kwamba kuna watu wanakuja? Ataniuliza nimejuaje."

"Ndiyo. Atakuuliza."

Hakupiga. Mkewe naye, shika hili neno, hakumpigia Mrefu. Alikuwa na namba. Alikuwa na salio. Alijiambia ataacha mwanamume arekebishe mwenyewe alichoharibu, alale akili zimrudie, asubuhi awe mtu. Akaona ni kumtunzia mumewe heshima. Heshima hiyo aliitunza kwa gharama ya nyumba ya mama wa mwenzake.

Asubuhi alipoamka, Fundi alikuwa ameshatoka na mkoba wake wa spana.

*

Kiwandani mashuka hukunjwa na watu wawili. Shuka la hoteli ni pana, mmoja peke yake hawezi. Kila mmoja anashika pembe zake mbili, wanalivuta likaze, wanakutana katikati, pembe kwa pembe, mmoja anaachia na mwingine anapokea. Mrefu na Mama Wawili walikuwa wakifanya hivyo miaka, na kwa kuwa mmoja alikuwa mlingoti na mwingine kisigino, Mrefu alikunja magoti kila walipokutana. Wenzao walisema wale hawakunji mashuka, wanasalimiana.

"Leo una nini?" Mrefu akauliza. "Unavuta kama unagombana nalo."

"Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Jana kanituma nimwambie Fundi friji inalia kidogo asubuhi. Nikamwambia mama, hata wewe ukiamka unalia viungo." Akacheka. Kisha akaona uso wa mwenzake. "Nini?"

Wakakutana katikati, pembe kwa pembe, na hapo, wakiwa wametazamana karibu kiasi cha kuhisiana pumzi, Mama Wawili akamwambia. Hakuzunguka. Alisema mume wangu, akasema geti la bluu, akasema kundi la simu, akasema leo mchana. Lile la dumu akalisema mwisho.

Mrefu akaachia pembe zake. Shuka likaanguka kwenye sakafu ya maji.

"Ulijua lini?"

"Jana jioni."

"Jana jioni." Alilirudia polepole. "Na kwangu unapajua. Na namba yangu unayo."

"Nisamehe, dada yangu. Nilidhani atairudisha kauli yake mwenyewe."

"Nyie wawili!" msimamizi akapaza sauti kutoka kwenye mashine za pasi. "Hilo shuka linafuliwa upya kwa mshahara wa nani?"

Hawakumjibu. Mrefu alishatoa simu, akapiga kwao. Mama yake akapokea kwa furaha, kwa sauti kubwa ya watu wanaodhani simu ni ukuta.

"Mama, toka nyumbani. Toka sasa hivi, nenda popote."

"Mbona hunisalimii?"

"Shikamoo, mama. Toka nyumbani."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Kuna vijana wa juu wanakuja hapo. Wanasema umeficha kura."

Bibi akacheka mpaka akakohoa. "Kura! Mimi nimeficha mkaa usilowe. Kila uchaguzi wanasema watakuja, hawaji. Nani anaijua nyumba yangu huku nyuma ya mashine? Hata mtoza kodi hanijui."

"Wameelekezwa, mama."

"Na nani?"

Mrefu akamtazama Mama Wawili. "Na Fundi."

Sauti ya bibi ikawa baridi. "Acha hayo. Fundi mwanangu? Yule aliyehangaika na friji yangu jua zima bila kuomba hata asante? Ndiyo yanayowafika huko ugenini, mnagombania siasa za huku mpaka mnamsingizia mtoto wa watu. Mimi nyumba yangu siiachi kwa fitina."

"Mama, nakuapia..."

"Akiniambia mwenyewe nitaamini." Akakata.

"Piga polisi wa huko," Mama Wawili akasema.

"Polisi gani? Wote wamepelekwa kulinda vituo vya kuhesabia kura." Mrefu alikuwa akifungua aproni. "Mumeo yuko wapi?"

Mama Wawili alimpigia. Iliita, haikupokelewa. Akapiga tena. Akakumbuka: leo ana kazi buchani, kwenye barabara ya sokoni, friji ya nyama imegoma.

"Mkitoka bila ruhusa msirudi!" msimamizi akasema.

Walishatoka.

*

Fundi alikuwa amelala chali chini ya friji ya bucha, miguu nje, wateja wakimruka. Ukutani televisheni ilikuwa wazi: meza ndefu, watu wenye suti, matokeo ya nchi ile yalikuwa yakisubiriwa na mwenye bucha aliwasha kwa heshima ya fundi wake. Mama Wawili alimwita mara moja. Alipotoka chini akamwona mkewe, alianza kutabasamu. Alipomwona Mrefu nyuma yake, tabasamu likafia njiani.

"Tutaongea nyumbani," akasema kwa sauti ya chini.

"Utaongea hapa," mkewe akasema. "Si na mimi."

Mrefu hakumsemesha. Alimpa simu tu, ikiita, sauti wazi. Wateja wakanyamaza kama wanavyonyamaza watu wakinusa ugomvi wa ndoa. Mwenye bucha akasimamisha kisu.

"Mwanangu!" sauti ya bibi ikajaa bucha. "Umesikia wanavyokusingizia huko?"

Fundi akafungua mdomo. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa mafuta, simu ikawa inamteleza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Waambie basi. Waambie hukusema."

Kila mtu buchani alikuwa akimtazama. Mkewe alijua anachokitafuta kwa macho: mlango, mzaha, mtu wa kumtoa. Kile kicheko chake kilikuwa karibu, kilishamfika mdomoni. Mama Wawili akasogea mpaka karibu naye, akasema kwa sauti ya kumbembeleza, ile anayoitumia watoto wakiugua: "Baba Wawili. Saa inakwenda."

"Ni mimi, mama," Fundi akasema.

"Ni wewe nini?"

"Ni mimi niliyewaambia. Geti. Ukuta. Chumba cha nyuma. Ni kweli wanakuja, mama. Wana petroli. Toka, nakuomba, toka sasa hivi."

Mtoto wa mteja mmoja akauliza kitu, akazibwa mdomo.

"Kwa nini, mwanangu?" bibi akauliza. Hakuwa na hasira. Alikuwa akiuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. "Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea. Walisema sipajui kwetu. Nikataka waone napajua."

"Ukawaonyesha kwangu."

"Ndiko ninakokujua, mama. Sijui kwingine."

Wakamsikia akipumua. Kisha vitu vikaanza kugongana upande ule: mlango wa friji, chupa, kandambili kwenye sakafu. "Nachukua dawa," akasema, sasa akiongea na binti yake, kama Fundi hayupo. "Nachukua dawa na khanga. Nitakwenda kwa jirani wa mashine. Ni mtu wa juu, lakini ana adabu." Geti likalia. "Nafunga."

"Usifunge, mama," Fundi akasema. "Acha wazi. Wakikuta wazi hawatavunja, wataona ni mkaa."

"Mlango wangu sijawahi kuuacha wazi tangu baba yao afe," bibi akasema, na kufuli likasikika likiingia. "Nani anapiga kelele kule njiani? Ngoja..."

Simu ikakatika.

Mrefu akaichukua, akapiga. Sauti ya kurekodiwa ikamwambia namba haipatikani. Akapiga tena. Akapiga ya jirani. Haipatikani. Mteja mmoja, kijana aliyekuwa akichezea simu yake, akasema kwa woga, "Wanaandika hapa kwamba mtandao wa nchi nzima umezimwa. Simu pia. Mpaka matokeo yatulie."

Hapohapo mtangazaji kwenye televisheni akasoma jina. Mwenye bucha, ambaye hakuelewa nusu ya yaliyopita, akapiga meza kwa kiganja.

"Fundi! Si ndiye mtu wenu huyo? Kashinda, bwana!"

Mtu mmoja akaanza kupiga makofi, akaona hakuna anayemfuata, akaacha. Simu ya Fundi ikaanza kutetemeka mfukoni, ikatulia, ikatetemeka tena.

"Haya basi," mwenye bucha akasema, akitafuta pa kuyaweka macho yake. "Malizia, Fundi. Nyama yangu inaharibika."

Fundi akashukuru kupata la kufanya. Akainama kuchukua spana.

"Kaa," Mrefu akasema.

Hakupaza sauti. Fundi akakaa juu ya kreti lililokuwa karibu, mikono yake michafu katikati ya magoti.

"Utakaa hapo mpaka nimsikie mama yangu."

"Dada, biashara yangu..." mwenye bucha akaanza, kisha akamgeukia Mama Wawili, kama watu wanavyomgeukia mke wa mtu ili aseme neno la kumtoa mumewe.

Mama Wawili akavuta kreti jingine. Akalifuta kwa aproni yake ya kiwandani, akamketisha Mrefu, naye akakaa kando yake, wakatazamana na Fundi. Mrefu akapiga tena. Haipatikani. Mfukoni mwa Fundi simu ikaendelea kutetemeka, hongera juu ya hongera, na hakuthubutu kuitoa.